Fasihi ya Kiafrika, Utamaduni na Utambulisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wasomaji wa vikundi vya vitabu, wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na waandishi wanaoanza hapa Dar es Salaam. Unaweza kuanzia swali lolote. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Tunataja tu namba ya swali lake.

## Ya msingi

1. Kitabu huwa cha Kiafrika kwa sababu ya mwandishi, mahali au lugha?

Hakuna kipimo kimoja kinachotosha. Ukipima kwa mahali pa kuzaliwa tu, utawaingiza walowezi waliomwandika Mwafrika kama mti au mlima. Ukipima kwa lugha tu, utamtoa nje Chinua Achebe, Mnigeria aliyeandika kwa Kiingereza, jambo ambalo msomaji yeyote wa kawaida atalikataa.

Kipimo kinachosaidia zaidi ni kuuliza: kitabu hiki kinazungumza na nani? Kitabu kinachokuhesabu wewe kama mwenyeji hakisimami njiani kukueleza mtani ni nani au kwa nini mkwe anakwepwa. Kinaendelea na safari, kikijua kwamba uko nacho.

2. Utamaduni na utambulisho vinatofautianaje?

Utamaduni ni wa wengi: namna watu wanavyooa, wanavyozika, wanavyoamkiana. Utambulisho ni jibu la mtu mmoja anapoulizwa "wewe nani?", na jibu hilo hufuata anayeuliza. Mkazi wa Temeke atamjibu jirani kwamba yeye ni Mmakonde. Akifika Nairobi ni Mtanzania. Akifika London ni Mwafrika.

3. "Fasihi ni kioo cha jamii." Kauli hii ni sahihi?

Ni nusu ya jibu, na wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kuishia hapo. Kioo hakichagui. Mwandishi anachagua: anaamua nani aseme, nani anyamaze, harusi ielezwe kurasa kumi au sentensi moja.

Chukua tamthilia ya *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1969. Inatumia Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, lakini iliandikwa kwa taifa lililopata uhuru miaka michache tu nyuma. Mwishoni Kinjeketile anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuhofia kwamba vizazi vijavyo vitaambiwa mababu zao walipigania bure. Hicho si kioo. Ni mwandishi anayewauliza wasomaji wake wanataka kukumbuka nini ili wawe taifa. Kwenye mtihani, andika kwamba fasihi huakisi na pia huunda, kisha toa mfano wa uchaguzi mmoja wa mwandishi.

4. Fasihi simulizi nayo inahesabiwa?

Ndiyo, na kwa umri imetangulia. Majigambo ya Wahaya yaitwayo kivugo, vitendawili, ngano, nyimbo za msibani na za jando, vyote ni fasihi. Hata maandishi yetu si ya jana: Utenzi wa Herekali uliandikwa Pate mwaka 1728, kwa hati za Kiarabu na kwa Kiswahili. Kuhusu khanga tazama swali la 11, na kuhusu nyimbo za unyago tazama swali la 17.

## Lugha

5. Kitabu cha Kiingereza kinaweza kweli kubeba utamaduni wetu?

Ubishi huu una tarehe. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika walikutana Makerere, na sifa ya kuingia ilikuwa kuandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu kadhaa vya nathari na ushairi kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mkutano huo. Alifariki mwezi huohuo. Mwaka uliofuata Obi Wali wa Nigeria aliandika kwamba njia ya kuandika kwa lugha za Ulaya haina mbele. Ngũgĩ wa Thiong'o alilichukua jambo hili hadi mwisho wake: tamthilia ya Kigikuyu aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ilichezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ 1977, akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na gerezani akaandika riwaya ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni. Vitabu vyake vya Kiingereza vilikuwa vimemwacha huru. Cha kuchezwa kwa lugha ya kijiji ndicho kilichomfunga.

Achebe alishika njia nyingine: kukilazimisha Kiingereza kipokee methali na mwendo wa Kiigbo. Riwaya yake ya 1958 ilitafsiriwa na Clement Ndulute kwa jina la *Shujaa Okonkwo*. Isome kwa Kiswahili uone jinsi methali zinavyokaa bila kutetewa.

Kwa maoni yetu, Kiingereza kinaweza kubeba mengi, lakini kinabadilisha anayepokea mzigo. Bibi wa Mbagala aliyezitoa hadithi hizo hawezi kuzisoma zikirudi. Hasara hiyo ni kubwa na haifai kupambwa.

6. Kwa nini Aniceti Kitereza hutajwa kila lugha za makabila zinapozungumzwa?

Kwa sababu kisa cha kitabu chake kinaonyesha gharama halisi. Kitereza, mzaliwa wa 1896, wa kisiwa cha Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 riwaya kubwa kwa Kikerewe. Mchapishaji wa Kikerewe hakupatikana. Alilazimika kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ilitoka 1980 hapa Dar es Salaam, Tanzania Publishing House, katika juzuu mbili: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Ni miaka 35 ya kungoja. Mwandishi alifariki 1981.

Ndani yake kuna mume na mke wanaopendana na hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, na mume anakwenda ukweni kuomba arudishiwe. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Hapo mwandishi anatulia. Anafuata kazi ya kuitengeneza pombe hatua kwa hatua, nani anasaidia, nani anabeba, maneno gani husemwa mlangoni kwa wakwe. Msomaji mwenye haraka huona hadithi imesimama. Haijasimama: faini ndiyo msamaha wenyewe, na kadiri kazi inavyochukua siku ndivyo ndoa inavyorudishwa mahali pake. Ukiruka kurasa hizo umeruka kitabu.

Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, aliitafsiri kwa Kiingereza, ikatoka 2002.

7. Mwandishi akitumia Kiswahili, anaonyesha utamaduni wa nani?

Wengi hudhani jibu ni "wa Waswahili wa pwani". Angalia majina. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, 1909, na nasaba yake ni ya Wayao. Euphrase Kezilahabi alikua akizungumza Kikerewe. Mathias Mnyampala, aliyeipa ngonjera nguvu, alikuwa Mgogo. Kiswahili chao kina mifupa ya nyumbani kwao.

Kwa upande mwingine, Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa hiyo lahaja nyingine zilibaki nje ya vitabu vya shule. Abdilatif Abdalla alipoandika *Sauti ya Dhiki* (1973) kutokana na kifungo chake Kenya, lugha yake ilibeba Kimvita cha Mombasa. Mhariri asiyejua lahaja angedhani ni makosa ya chapa na "kuyasahihisha". Ukikuta *ndoo* mahali unapotarajia *njoo*, simama kwanza: huenda ndipo mwandishi anapokwambia ametoka wapi.

8. Tafsiri hupoteza nini zaidi?

Hupoteza namna watu wanavyoitana. *Wifi*, *shemeji*, *mjomba*, *baba mkubwa*, *mtani*, *somo*: kila neno ni uhusiano wenye haki na wajibu. Kiingereza huyabana mengi kwenye neno moja, na haki zake zikamwagika. *Shikamoo* ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inapokosekana ndipo inaposema zaidi.

Tazama mfano huu kwa karibu. Katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 1994 na kutafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi* (Mkuki na Nyota, 2022), kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake. Kwao alizoea kumwita mjomba. Khalil, aliyetangulia kuletwa hapo, anamwonya: huyu si mjomba wako, mwite *Seyyid*. Katika badiliko hilo la neno moja mtoto anajifunza kwamba ameuzwa. Msomaji wa pwani anaipata habari hiyo kifuani kabla ya kuielewa kichwani.

## Ushairi

9. Mizani huhesabiwaje, na kwa nini hesabu zangu hazitimii?

Shairi la tarbia lina mishororo 4 katika kila ubeti. Kila mshororo una vipande 2, ukwapi na utao, kila kimoja mizani 8, jumla 16. Utenzi una mishororo 4 ya mizani 8. Mitatu ya kwanza hufanana vina, yaani silabi za mwisho, na wa nne hubeba kina kimoja hadi mwisho wa utenzi wote.

Mizani moja ni silabi moja. Makosa mawili hurudiwa kila siku. La kwanza ni kumeza irabu zinazofuatana. Mtu anaandika "Nimetoka Kariakoo" na kuapa kwamba ni 8. Hesabu kwa vidole: ni-me-to-ka-ka-ri-a-ko-o. Ni 9. Andika "Natoka Kariakoo", na-to-ka-ka-ri-a-ko-o, ndipo 8 hutimia.

La pili ni kusahau *m* na *n* zinazosimama peke yake. *Mchele* ni m-che-le, mizani 3. *Nchi* ni n-chi, mizani 2. Lakini *nyumba* ni nyu-mba, 2 tu. Kwa hiyo "nimebeba na mchele" ni 8 kamili, na mshororo wako umekaa: *Natoka Kariakoo, nimebeba na mchele.*

Hesabu hii ina sababu. Mashairi haya hutungwa yaghaniwe, na silabi moja ikizidi sauti inajikwaa mbele za watu.

10. Mashairi huru ni uigaji wa wageni?

Katika miaka ya 1970 swali hili liligawa watu vibaya. Upande mmoja ulisimama na sheria alizoziandika Amri Abedi mwaka 1954 (ndiye pia Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa jiji hili): bila vina na mizani hakuna shairi. Upande wa pili ulikuwa na Kezilahabi na *Kichomi* (1974), pamoja na Kahigi na Mulokozi.

Ugomvi ulihusu utambulisho kuliko silabi. Angalia majina ya diwani mbili: *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir bin Juma Bhalo (1971) na *Malenga wa Bara* (1976) ya Kahigi na Mulokozi. Vijana wa bara walisema kwamba nyimbo na majigambo ya kwao hayakuwahi kubanwa na mizani 16, na hayo pia ni Afrika. Walikuwa na haki. Ila wanaoanza leo wasiikimbilie hoja hiyo ili kukwepa kazi: Kezilahabi alizijua kanuni alizoziacha.

## Khanga

11. Maneno ya khanga ni fasihi kweli?

Ni fasihi fupi kuliko zote tulizonazo, na inavaliwa. Khanga ina sehemu tatu: *pindo*, yaani mpaka unaozunguka, *mji*, uwanja wa katikati, na *jina*, maneno yaliyo ndani ya kisanduku sehemu ya chini ya mji. Kipande kimoja huwa karibu mita 1.5 kwa 1.1, na viwili hufanya doti. Ilianza pwani yetu nusu ya pili ya karne ya 19, na majina ya awali yaliandikwa kwa hati za Kiarabu.

Maana haitoki kwenye maneno peke yake. "Wema hauozi" akiivaa mama siku ya mahafali ya mwanawe ni shukrani. Akiivaa mbele ya shoga aliyemkopesha na hajalipwa, ni hati ya madai. Mvaaji anaweza kukana kila kitu, kwani yeye kavaa nguo tu. Huo ndio ufundi wenyewe: kusema bila kushikwa.

Kosa la kawaida ni kununua doti Kariakoo kwa kupenda rangi na kumpelekea mama mkwe bila kusoma jina. Soma kwanza, kisha jiulize yeye atasoma nini kutoka kwako.

## Kusoma na kuandika

12. Nifuatilieje utambulisho ndani ya riwaya?

Chagua kurasa 10 zenye mazungumzo mengi, uzipitie mara mbili ukiwa na kalamu ya risasi. Mara ya kwanza, weka alama kila mtu anapomwita au kumwamkia mwenzake, na uandike pembeni neno lililotumika. Mara ya pili, tafuta methali na uangalie inatoka kinywani mwa nani. Methali ikiwa ya wazee tu, au ya wanaume tu, umepata jambo la kuandika. Kisha tafuta mahali ambapo mhusika alipaswa kusema akanyamaza.

Usianze na orodha ya vyakula, mavazi na ngoma. Orodha hiyo hutoka haraka na haithibitishi kitu. Kitabu kibovu kabisa kinaweza kuwa na ugali, khanga na mdundiko.

13. Hadithi yangu inatokea Dar. Nitumie lugha ya mtaani?

Tumia, kwa kipimo. Misimu huchakaa haraka. Neno tamu la mwaka huu, baada ya miaka mitano litahitaji maelezo. Kinachodumu ni mwendo wa mazungumzo. Konda wa daladala hubadilisha anavyoita abiria kwa jicho moja tu: huyu *mama*, yule *anko*, huyu *dada*, yule *mzee wangu*, na ugomvi wa chenji ukianza vyeo vyote hushuka. Ukiipata ngazi hiyo ya maneno, msomaji ataiona Mbagala hata bila msimu mmoja.

Jihadhari pia na utani. Mzaramo na Mnyamwezi wakitupiana maneno msibani, mhariri asiyejua ataona matusi. Usiyafute, na usiyaeleze. Mfanye mfiwa acheke kidogo. Hapo kila mtu ataelewa.

14. Niweke faharasa ya maneno mwishoni?

Kwa msomaji wa Kiswahili, weka maneno ya lugha ya kabila tu, na yale tu ambayo sentensi haiwezi kuyabeba. Kabla ya hapo jaribu kurekebisha sentensi. Ukijikuta unaeleza *vitumbua*, umeshaanza kumwandikia mtu mwingine (tazama swali la 1).

## Ya pembeni

15. Vipi waandishi wa ughaibuni, au wenye asili ya Kiasia?

Wamo. Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, ameishi Uingereza tangu ujana wake, akapata Tuzo ya Nobel 2021; bahari yetu haikumtoka. M. G. Vassanji alikulia hapa Dar, na kitabu chake cha hadithi cha 1991 kimepewa jina la Mtaa wa Uhuru. Anaandika maduka ya Wahindi, watumishi, hofu na mapenzi ya watu ambao jiji ni lao na bado huulizwa wametoka wapi. Ukimwondoa, historia ya Kariakoo inabaki na pengo.

16. Kitabu kinachokosoa mila ni usaliti wa utamaduni?

"Mwacha mila ni mtumwa" ndiyo methali inayoletwa hapa, na ndiyo iliyomzunguka Kezilahabi. *Rosa Mistika* (1971) ilizuiwa shuleni kwa muda. Walioilaumu waliona aibu za msichana. Kitabu chenyewe kinamtazama Zakaria, baba anayelinda heshima ya binti kwa kipigo hadi binti hajui kujilinda mwenyewe. Mwandishi aliyeandika hivyo aliijali jamii yake kuliko wanaoisifu tu. Penina Muhando alifanya kazi kama hiyo jukwaani kwa *Hatia* (1972) na *Nguzo Mama* (1982).

17. Nimerekodi nyimbo za unyago za bibi yangu. Naweza kuzichapisha?

Usizichapishe kwanza. Nyimbo hizi zina wenyewe, na nyingi hazikukusudiwa masikio ya asiyechezwa wala ya wanaume. Ruhusa ya bibi haitoshi ikiwa somo aliyemfunza, au makungwi wa eneo hilo, hawajui. Rudi kwao na rekodi, waisikilize yote, wakuonyeshe za kutoka na za kubaki ndani. Andika makubaliano hayo kwa majina na tarehe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inagusa sanaa za jadi, kwa hiyo uliza pia Baraza la Sanaa la Taifa kabla ya kuuza chochote.

Zile za kubaki ndani, zihifadhi kwa ajili ya mabinti wa ukoo. Hilo ni hifadhi kamili.

18. Vitabu hivi nitavipata wapi Dar?

Vipya vya Mkuki na Nyota, ikiwemo *Peponi*, tafuta kwenye maduka ya vitabu ya katikati ya jiji. Anzia Mtaa wa Samora. Vilivyoadimika, kama juzuu za Kitereza, uliza Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Kwa wauza vitabu vya mitumba wa Posta, fungua kila kitabu katikati na mwishoni kabla ya kulipa: nakala za kunakiliwa hukosa kurasa, na zinazokosekana mara nyingi ni za mwisho.